Anwani ya Fundi Simwinga

Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa, hasa ninyi mnaokaa kwenye kile chumba chenye kiyoyozi mkisema mnashughulikia "mifumo", nimeombwa niwaandikie. Shule niliishia darasa la nne huko kwetu Itumba, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Mkikuta nimekosea kuandika, rukeni kama mnavyoruka dimbwi, mwendelee na safari. Na simu wekeni chini. Mtu hasomi huku macho yako pembeni.

Nilipandishwa cheo lini, nililipwa nini, hayo hayawahusu. Nitawaeleza habari ya mashine iliyokuwa inapokea barua za kampuni yetu hapa Tunduma, na mtu aliyenikalisha mbele yake, na barua moja aliyokuwa anaingojea.

Nilianza kama mhudumu. Kufagia, kupika chai, kufuta vumbi la malori, ambalo hapa kwetu halifutiki, linahamishwa tu kutoka meza hii kwenda ile. Kampuni yetu ni ya uwakala wa forodha. Lori linakuja na mzigo kutoka bandarini, sisi tunahangaikia vibali mpaka livuke kuingia Nakonde, liendelee ndani ya Zambia au mpaka Kongo. Mwenye mzigo yuko mbali, karatasi zake zinakuja kwa barua pepe. Zisipofika, lori halisogei, na dereva anakaa chini ya tela akitutukana kwa lugha zote anazozijua. Madereva wa njia hii wanajua lugha nyingi.

Barua hizo zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta moja kuukuu iliyowekwa stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi. Haikuwa na picha wala kipanya. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Mfumo wake ulikuwa wa Unix, na ndani yake kulikuwa na programu ya kupokea na kupeleka barua. Ninyi mmeikuta imeshaondoka. Palepale mnapoweka mtungi wa maji ya kunywa ndipo ilipokuwa, nami hata sasa nikipapita naisikia inavuma, wakati haipo.

Mwenye kuitunza alikuwa Fundi Simwinga. Alikuwa Mnyamwanga wa hapahapa, nyumba yake Chapwa, lakini ujana wake aliumalizia ng'ambo, Zambia, kwenye migodi, akitunza mitambo ya ofisi. Huko alitoka na salamu ya Kibemba, "Mwabombeni mukwai", ambayo anapewa mtu aliye kazini. Hata akikukuta umekaa tu alikusalimia hivyohivyo, ukaona aibu, ukasimama ukatafuta ufagio.

Siku aliyoniita stoo, umeme ulikuwa umekatika na kurudi tangu asubuhi. Wakati ule umeme wa Tunduma ulikuwa kama mgeni mwenye haraka, hakai. Kila ulipokatika ghafla, mashine ilianguka vibaya, na ikiwaka tena inajikagua mpaka watu wote wameshakasirika. Fundi hakuweza kushinda stoo, alikuwa na kazi za kuzunguka. Mtu ambaye hakuwa anatoka ni mimi.

"Mama Tusa," akaniambia, "jiko la mkaa unalizimaje?"

"Nalizima taratibu. Nafunika."

"Humwagii maji?"

"Nikimwagia majivu yote yataruka kwenye chakula. Fundi, unataka chai au unataka nini?"

"Nataka uje uzime hii. Taratibu. Kile kibetri pale chini kikianza kulia, ujue umeme umekwenda. Una muda kidogo tu. Unaandika haya maneno, unangoja, inalala yenyewe."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Wewe na jiko ulianzia wapi?"

Akanionyesha maneno: shutdown, nafasi, kistari na h, nafasi, now. Sikujua ni Kiingereza cha nini. Nilizijua zile herufi kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake gizani, humwoni uso lakini hukosei. Kibetri kilipolia nikaziandika, mashine ikashusha pumzi, ikanyamaza. Nikarudi jikoni akili bado iko stoo, nikaweka chumvi kwenye chai ya Meneja. Akainywa yote.

Baada ya hapo akaanza kunifundisha kidogo kidogo. La kwanza kabisa lilikuwa kutoka. Kuna kile chombo cha kuandikia kwenye mafaili, kinaitwa vi. Ukiingia humo bila kujua, hutoki. Ninyi najua mmeshakwama humo, msijifanye. Fundi alisema, "Kabla ya kuingia nyumba ya mtu, jua mlango wa kutokea uko wapi." Nikafundishwa nukta mbili, q na alama ya mshangao, yaani natoka na sijagusa kitu. Nilifanya zoezi hilo la kuingia na kutoka mpaka nikaota naingia na kutoka.

La pili lilikuwa nakala. Faili lolote unalotaka kuligusa, kwanza linakiliwe, na ile nakala uiongezee neno "zamani" mwishoni mwa jina. Ukiharibu, unarudisha ya zamani, unaomba msamaha kwa mashine tu, watu hawajui. Hili nalo ninyi mnaliruka. Mnasema mfumo unajihifadhi wenyewe. Haya.

La tatu ndilo lililonifanya nielewe kazi yenyewe. Alinikalisha akaandika amri ya kuonyesha foleni ya barua. Mimi foleni naijua, nimezeekea kwenye foleni ya malori. Akasema, "Barua ni lori. Hii mashine ni sisi, wakala. Barua ikija tunauliza: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, huyo mtu ni wa kwetu? Kama ni wa kwetu, ingia. Kama ni wa kwingine na wewe si wa kwetu, hupiti hapa."

"Na ikikataliwa kule inakokwenda?"

"Inarudi kwenye foleni, ingoje. Tunajaribu tena, na tena. Ikishindikana kabisa, tunamrudishia aliyeituma na sababu juu. Barua haitupwi kimyakimya, Mama Tusa. Anayetupa barua kimyakimya ni mwizi."

Ile ya "hupiti hapa" nikaja kuiona kwa macho. Kulikuja mtu wa nje, simtaji, wakati Fundi yuko likizo, akarekebisha mstari mmoja kwenye faili la programu ya barua ili Meneja aweze kutuma akiwa safarini. Akaufungua mno. Mashine yetu ikawa inampokelea yeyote duniani na kumpelekea popote. Takataka za watu zikapita kwetu usiku na mchana. Ulimwengu ukatuandika kwenye orodha ya wabaya, na kila barua tuliyotuma ikarudi. Malori yakasimama. Dereva mmoja mnene kutoka Ndola akaingia mpaka mapokezi akavua viatu akaviweka juu ya kaunta, akasema hatavaa mpaka kibali chake kitoke.

Fundi alirudi, akasoma ule mstari, akacheka bila furaha. "Ua wetu umekuwa njia ya panya. Wanapitisha magendo, na jina letu ndilo linakamatwa."

Akaufunga. Akafuta foleni ya takataka. Halafu akakaa kuandika maombi kwa wale wenye orodha, mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi ukweni. Hapo ukakamavu hausaidii, unangoja tu. Mimi nilimpelekea yule dereva chai na mihogo. Alikula akiwa pekupeku. Jina letu liliposafishwa alivaa viatu, akaniita mama mkwe, akaenda zake.

Baada ya balaa hilo Meneja akataka mashine iwe kali. Barua kutoka mahali pasipojulikana ikataliwe mlangoni. Fundi akafanya hivyo kwa ofisi nzima, isipokuwa sanduku lake mwenyewe la barua. Lake akaliacha wazi. Takataka yote ya dunia ikawa inamwagikia kwake, naye kila asubuhi, kabla ya chai, anaifungua moja moja. Amepewa urithi na mjane wa mfalme. Ameshinda bahati nasibu. Anauziwa dawa za nguvu. Anasoma mpaka mwisho, jina la chini kabisa, ndipo anafuta.

Nikamtania. "Fundi, huyo mjane wa mfalme umeshamjibu? Maana anakuandikia kila siku, na mimi mahari sijaona."

Hakucheka. Akasema, "Naangalia kama Amosi ameandika."

Amosi ni mwanawe wa pekee. Mama yake alishafariki. Fundi alimtaka asome ufundi, yeye alitaka barabara. Wakarushiana maneno, kijana akapanda lori la kwenda kusini kama utingo, hakuaga. Akaandika barua pepe mara moja tu, kutoka duka la intaneti la mji fulani huko chini: "Baba nimefika salama. Usihangaike. Nikitulia nitaandika." Fundi akamjibu palepale. Baada ya muda akaandika tena, hiyo ikarudi, sanduku la kijana limefungwa. Namba za simu zilikuwa zimebadilika pande zote mbili, mnajua watu wa mpakani na laini zao. Kilichobaki ambacho Amosi anakijua, na ambacho hakijahama, ni anwani ile ya baba yake kwenye mashine ile ya stoo.

"Ataandika kutoka wapi?" Fundi aliniuliza. "Sijui. Kwa anwani gani? Sijui. Sasa mimi nitafungaje mlango, na sijui anakuja kwa njia gani?"

Tangu siku hiyo sikumtania tena kwa jambo hilo. Nikawa nawauliza madereva wanaotoka kusini, mnamjua Amosi wa Simwinga, kijana mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Mmoja alinijibu, "Mama, kule kina Amosi ni wengi kuliko malori." Nikamwambia mimi namtaka mmoja tu.

Miaka ikaenda. Fundi akanifundisha kusoma kumbukumbu za mashine, yale mamia ya mistari yanayosema nani amekuja, amepokelewa au amekataliwa. Mtu akiyaona anasema ni kichaa ameandika. Ukiyazoea unaona ni kama mlinzi wa geti anakusimulia siku yake. Tulikuwa tunakaa pale wawili, yeye kwenye kiti, mimi juu ya boksi, mistari inapanda taratibu. Sikuhisi niko kazini. Ningepewa leo siku moja ya maisha yangu nirudie, nisingechagua harusi yangu. Marehemu mume wangu anisamehe. Ningechagua asubuhi mojawapo stoo, mvua inapiga bati, Fundi ananiambia, "Soma mstari huo kwa sauti, uniambie kimetokea nini."

Halafu akaugua. Alilala nyumbani Chapwa, nami nikawa nampitia nikitoka kazini. Hakuniuliza habari za ofisi. Alikuwa ananiangalia tu, anasema, "Leo?"

Nami nasema, "Leo bado, Fundi."

Anafumba macho. Siku ya mwisho hakuuliza.

Kwa Wanyamwanga jina la mtu mzima haliachwi chini. Matanga yakiisha, ukoo unakaa, anachaguliwa wa kulirithi, na kuanzia hapo ukimwita huyu umemwita yule. Watoto wa marehemu wanamwita baba, na yeye anabeba. Kwa Fundi alichaguliwa mtoto wa mdogo wake, mkulima, mtu mwema. Kikao kilipotaka kuvunjika, dada mkubwa wa marehemu, tunamwita Namwinga, maana kwao mwanamume ni Simwinga na mwanamke ni Namwinga, akainua mkono.

"Na jina lake la kwenye mashine? Lile ambalo mtoto analijua?"

Watu wakatazamana. Yule mrithi akasema yeye mashine aijuayo ni ya kusaga.

Namwinga akanigeukia. "Wewe Mama Tusa ulikuwa unakaa naye huko. Lichukue."

"Mama, mimi si wa ukoo."

"Nimekuuliza wewe ni wa ukoo? Nimesema lichukue."

Nikalichukua. Kwenye mashine kuna faili la majina, ukiandika humo kwamba barua za fulani ziende kwa fulani, zinakwenda. Wakati huo nami nilishapewa anwani yangu, na wateja wananiandikia. Jumatatu nikafanya nakala, nikaongeza mstari: barua za Fundi zije kwangu. Kisha nikafikiri. Namwinga alisema ukimwita huyu umemwita yule. Itakuwaje barua zake zije kwangu, zangu zisiende kwake? Huo si urithi, huo ni unyang'anyi. Nikaongeza mstari wa pili: barua zangu ziende kwa Fundi. Nikaona nimetenda haki, nikaenda kupika chai.

Mnaojua kazi mmeshaanza kucheka. Barua ya Fundi inakuja kwangu, ikifika kwangu inatumwa kwa Fundi, ya Fundi inakuja kwangu. Mashine ikaona hawa watu wawili wanaizungusha, ikakataa, ikawarudishia wenye barua zao na maelezo kwamba kuna mzunguko. Wateja wakapiga simu. Meneja akaja stoo mwenyewe.

"Mama Tusa, kuna mtu anaambiwa barua yake inazunguka. Inazunguka nini?"

Nikamweleza habari ya urithi wa jina. Alisikiliza mpaka mwisho, yeye ni Mnyiha wa Mbozi, anajua mambo ya misiba. Akasema, "Sawa, mama. Lakini mashine haijabatizwa. Iandikie upande mmoja." Nikafuta mstari wa pili. Ile amri ya kuifanya isome faili upya nikaiandika, foleni ikatulia. Kisha nikakaa na kumbukumbu za mashine, nikasoma kila barua iliyorudishwa siku ile, jina kwa jina. Wote walikuwa wateja wetu, Amosi hakuwemo. Nikashukuru Mungu.

Kuanzia hapo takataka za Fundi zikawa zangu. Kila asubuhi, kabla ya chai, mjane wa mfalme na wenzake. Nami nilisoma mpaka jina la chini kabisa, kama alivyokuwa anasoma. Namwinga akinikuta sokoni alikuwa ananiangalia tu, nami natikisa kichwa. Tunaulizana bei za nyanya.

Mwaka huu wakaja kuniambia mambo mawili kwa pamoja. Mimi napumzishwa, na mashine nayo inapumzishwa. Barua zinahamia mawinguni, yaani kwenye mashine za watu wa mbali. Nikakubali, mashine ilikuwa imechoka kuliko mimi. Aliyekuja kuhamisha ni binti anaitwa Neema, mnamjua, yuko nanyi. Kazi niliyojifunza kwa miaka aliimaliza akiwa hata hajamaliza soda yake, na aliimaliza vizuri. Niliposikia kwamba anwani zisizo na mfanyakazi hazihamishwi, zinafutwa, nikamsogelea.

Nikamwambia, "Mwanangu, kuna moja usifute."

Akatazama kioo chake. "Hii ya simwinga? Bibi, huyu ameandikwa ni marehemu."

"Ni marehemu. Ana mtoto."

Nikamweleza pale pale, nimesimama. Nilipomaliza akageukia kioo chake. Akauliza, "Nyumbani una simu ya kufungua barua pepe?" Nikasema mwanangu Tusa anayo. Akasema, "Nitaiacha hai, kila kitakachokuja kiende huko. Na kichujio cha taka nakizima kwa hii moja, sivyo?"

Hiyo "sivyo" ilinitoa machozi, maana la kichujio sikuwa nimemwambia. Tukamwuliza Meneja, akakubali.

Halafu nikaizima mashine mwenyewe. Neema aliniachia kiti. Nikaandika maneno yale ya siku ya kwanza, nikaweka mkono juu yake, nikaisikia inaacha kuvuma. Sikuondoka upesi. Mtungi wa maji ukaletwa, nikawapisha.

Jioni hiyo niliwakusanya wa nyumbani kwangu wote, mwanangu Tusa, mume wake na wajukuu, nikaiweka simu katikati ya meza. Nikawaambia habari yote kama nilivyowaambia ninyi. Mjukuu mmoja akasema, "Bibi, hizi ni spamu tupu." Nikamwambia utazisoma. Tusa akauliza jambo la maana: "Mama, siku Amosi akiandika, akauliza baba hajambo, tumjibu nini?"

Nikawaamuru hivi. Simu hii isizimwe, na barua zisomwe kila asubuhi kabla ya chai, kwa zamu, hadi jina la chini, nikiwepo au nisipokuwepo. Amosi akiandika, mwitikieni salamu yake kwanza, halafu mwambieni: njoo nyumbani, shangazi yako yupo Chapwa, mlango uko wazi. Akiuliza baba yake, mjibuni vilevile, njoo nyumbani. Habari ya kifo ataambiwa kwa mdomo, akiwa amekaa, ameshakunywa maji, na kuna mtu wa kumshika. Asitokee mtu wa nyumba hii akaiandika.